Etudi: Zoezi Lilivyotengwa na Muziki, Kisha Likarudi

Tarehe 22 Januari 1720, mjini Köthen, Ujerumani, Johann Sebastian Bach alifungua daftari jipya kwa ajili ya mwanawe mkubwa wa kiume, Wilhelm Friedemann, aliyekuwa na miaka tisa. Kurasa za mwanzo zinaeleza majina ya noti na alama za mapambo. Baada ya hapo kinakuja kipande kifupi mno, cha mistari michache tu, na juu yake baba ameandika kwa Kilatini kwamba anaanza kwa jina la Yesu, sawasawa na mwalimu wa madrasa anavyotanguliza bismillahi kabla ya alifu. Kipande chenyewe kinaitwa Applicatio, na noti zake zimewekewa namba za vidole. Mkono wa kulia unapanda ngazi ya noti kwa kidole cha tatu na cha nne, halafu cha tatu na cha nne tena. Yaani kidole cha kati kinavuka juu ya kidole cha pete na kusonga mbele, huku kidole gumba kikiwa hakina kazi kubwa. Ndivyo vinanda vya zamani vilivyopigwa kwa vizazi vingi.

Daftari halikai sana kwenye hatua hiyo. Mtoto yuleyule, ndani ya kurasa zilezile, anakutana na vipande ambavyo baadaye viliingia katika Das wohltemperirte Clavier ya mwaka 1722, na vingine ambavyo mwaka 1723 baba alivinakili upya kwa mwandiko safi na kuviita Inventio. Katika maelezo ya mwanzo ya nakala hiyo Bach anataja nia yake waziwazi: mwanafunzi ajifunze kupiga sauti mbili kwa usafi, kisha tatu, apate mawazo mazuri na ajue kuyaendeleza, zaidi ya yote, ajizoeze kupiga kinanda kama mtu anayeimba, na aonje mapema ladha ya utunzi. Hakuna mahali anaposema kwamba hivi ni vya vidole na muziki utafuata baadaye.

Kipande cha kujifunzia leo kina jina lake: etudi. Neno ni la Kifaransa, étude, na asili yake ni studium ya Kilatini, bidii na shauku ya kulifuatia jambo. Waitalia husema studio, Wajerumani Etüde. Wanamuziki wanalitumia kwa maana finyu kuliko kujifunza kwa jumla. Kwao etudi ni kipande kizima, chenye mwanzo, kati na mwisho, kilichojengwa juu ya ugumu mmoja wa upigaji: noti mbilimbili kwa mkono mmoja, miruko ya mkono wa kushoto, upinde wa fidla unaodunda juu ya nyuzi. Ugumu huo haukuachii tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Zoezi tupu unaweza kulikatiza popote na hakuna aliyepotewa na kitu. Etudi ukiikatiza, msikilizaji anajua kwamba umekatiza. Mpaka kati ya hivi viwili haukuwa wazi enzi za Bach. Uliwekwa baadaye, na watu tunaoweza kuwataja kwa majina, na kwa maoni yangu historia ya etudi ni historia ya mpaka huo: jinsi ulivyochorwa, na jinsi watunzi wakubwa walivyohangaika kuufuta.

Kabla haujachorwa, neno mazoezi lilikuwa na heshima zote. Johann Kuhnau, aliyemtangulia Bach katika kazi ya muziki mjini Leipzig, alichapisha vipande vya kinanda mwaka 1689 na 1692 kwa jina la Neue Clavier-Übung, yaani Mazoezi Mapya ya Kinanda. Bach alilichukua jina hilo akalitumia kwa vitabu vinne. Cha kwanza, cha 1731, kina partita sita. Cha pili, cha 1735, kina Konseto ya Kitaliano. Cha tatu, cha 1739, ni cha ogani, na cha nne, cha 1741, ni wimbo mmoja wenye mageuzo 30, kazi ambayo dunia inaijua kwa jina la Goldberg. Wapiga piano wa leo huikaribia kazi hiyo kwa woga, tena baada ya miaka mingi ya mafunzo. Mwenyewe aliiuza kwa jina la mazoezi, na ukurasa wa jina ukasema imetungwa kuwaburudisha roho wapenzi wa muziki. Mazoezi na burudani ya roho viliandikwa katika ukurasa mmoja, na hakuna aliyeona ajabu.

Hali ilikuwa hiyohiyo kusini mwa Ulaya. Mwaka 1738, mjini London, zilichapishwa Essercizi per gravicembalo, mazoezi ya harpsikodi: sonata 30 za Domenico Scarlatti, mwalimu wa binti mfalme Maria Barbara wa Ureno, naye alizitoa kwa heshima ya baba wa mwanafunzi wake, Mfalme João V. Humo mikono inapishana hewani, vidole vinarudia noti moja kwa kasi ya mpiga gitaa wa Kihispania. Mtunzi anamwambia msomaji asitegemee elimu nzito humo ndani, ategemee mchezo wa werevu. Lakini huko Napoli, alikozaliwa Scarlatti, Francesco Durante aliandika sonata sita za sehemu mbilimbili: kwanza studio, kisha divertimento. Somo, halafu burudani. Ni ufa mwembamba, na Durante hakukusudia ubaya wowote, ila tayari somo limekaa upande wake na starehe upande wake.

Ufa huo ulipanuka Paris. Tarehe 3 Agosti 1795, moto wa Mapinduzi ukiwa bado haujapoa, serikali ya Ufaransa iliunda Conservatoire, chuo cha muziki cha taifa. Hapo kabla mtoto alijifunza kwa baba yake, kwa mpiga ogani wa kanisani, au kwa bwana wa kasri aliyemlipia. Sasa vijana wengi walisomeshwa na dola moja, kwa njia moja, na kila mwaka walishindanishwa kuwania zawadi. Chuo kama hicho kinahitaji vitabu vinavyopanda kwa daraja, vyenye vipande vinavyoweza kupimwa. Rodolphe Kreutzer, mmoja wa walimu wa kwanza wa fidla hapo, na ndiye ambaye Beethoven alimtunukia sonata maarufu, alitoa etudi zake karibu na mwaka 1796. Zilikuwa 40, kisha zikawa 42, na mpaka leo ni vigumu kumpata mpiga fidla wa muziki wa Kizungu ambaye hakuzipitia.

Mtu ninayetaka kukaa naye kidogo hapo chuoni ni Hélène de Montgeroult. Alizaliwa mwaka 1764, akaolewa katika ukoo wa kimarkizi, na akayapita Mapinduzi akiwa hai, jambo ambalo halikuwa la hakika kwa mtu wa tabaka lake. Conservatoire ilipofunguliwa aliajiriwa kuwa profesa wa piano na kukabidhiwa darasa la wanaume, mwanamke wa kwanza kupewa nafasi hiyo. Alijiuzulu mwaka 1798, lakini kazi aliyoianza iliendelea hadi ikawa kitabu kikubwa cha mafunzo chenye mamia ya mazoezi na etudi 114. Kila etudi ina maelezo yake ya kutangulia: ugumu uko wapi, na sikio litafute nini. Hoja yake kuu ni kwamba piano ina kasoro ya kuzaliwa, kwa sababu noti ikishapigwa huanza kufa, wakati sauti ya mwimbaji inaweza kuvimba na kuendelea. Mpigaji basi hana budi kujifunza kwa waimbaji, aidanganye piano mpaka iimbe. Kwa hiyo etudi zake hazihesabu kasi pekee. Nyingine ni za kuunganisha noti kwa ulaini, nyingine za kuubeba wimbo kwa vidole dhaifu huku vyenye nguvu vikinyamaza. Anayezipiga leo hushangaa kusikia Chopin na Schumann kabla ya wakati wao. Jina lake lilisahauliwa kwa zaidi ya karne nzima, na wanaolirudisha sasa wanatenda haki iliyochelewa mno.

London, kwa upande wake, ilikuwa jiji la piano. Chombo kilichobuniwa Firenze na Bartolomeo Cristofori karibu na mwaka 1700 kilikuwa sasa kinatoka viwandani kwa wingi, kikinunuliwa na wafanyabiashara wenye sebule na mabinti. Muzio Clementi, Mroma aliyechukuliwa na tajiri wa Kiingereza akiwa kijana mdogo na kulelewa mashambani Dorset, alikuwa mpigaji, mtunzi, mchapishaji na mtengenezaji wa piano kwa pamoja. Mwanafunzi wake, Johann Baptist Cramer, alitoa mwaka 1804 kitabu cha vipande 42 kwa jina la Studio per il pianoforte, na mwaka 1810 akaongeza vingine 42. Hapa ndipo umbo la etudi ya piano linapoanza kueleweka kwa wote: kipande cha kurasa mbili hivi, muundo mmoja wa vidole kutoka mwanzo hadi mwisho, na heshima ya kutosha kwa sikio. Beethoven, ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu wapigaji wenzake, alimheshimu Cramer. Clementi akafuatia na Gradus ad Parnassum, vitabu vitatu vya 1817, 1819 na 1826, vyenye vipande 100. Jina alilirithi kutoka kitabu cha Johann Joseph Fux cha 1725 cha kufundishia utunzi. Ndani ya vipande hivyo mna fuga, mna kanoni, mna nyimbo za polepole zenye huzuni, kana kwamba mzee alitaka kusema kwamba hakuna tawi la muziki ambalo si somo.

Soko lilitaka kitu chepesi zaidi. Mwaka 1814 Johann Bernhard Logier, Mjerumani aliyeishi Dublin, alisajili hataza ya chiroplast, fremu ya kufungwa mbele ya piano, yenye reli mbili za kushikilia mikono na vijitundu vya kupitishia vidole, ili mwanafunzi asiweze kukaa vibaya hata akitaka. Aliwafundisha watoto kwa makundi, piano kadhaa zikilia kwa wakati mmoja. Njia yake ilivuka bahari ikafika hadi Berlin, na Friedrich Kalkbrenner, mpigaji aliyeheshimika kuliko karibu wote Paris, aliiunga mkono. Wazo lililokuwa nyuma ya fremu hiyo lilikuwa kwamba vidole vitano vinaweza na vinapaswa kulinganishwa nguvu, na kwamba hilo linafanyika kwa kurudia, akili ikiwa pembeni. Kijana Robert Schumann naye anataja katika shajara yake kifaa cha namna hiyo cha kufanyia kazi vidole. Kufika mwaka 1832 kidole cha kati cha mkono wake wa kulia kilikuwa hakimtii tena, na ndoto ya kuwa mpiga piano wa majukwaani ikaisha.

Ni desturi kumtupia lawama za zama hizo Carl Czerny wa Vienna, na sidhani kama ni haki. Czerny alikuwa mwanafunzi wa Beethoven tangu utotoni. Alifundisha kutwa nzima, akatunga usiku, hakuoa, na namba za kazi zake zilizochapishwa zinafika 861. Watoto wengi wa dunia wamelia machozi juu ya opus 299, shule yake ya wepesi wa vidole, na opus 740 inayofuata baada yake. Lakini huyohuyo Czerny, mwaka 1819, alipoletewa mtoto wa Kihungaria wa miaka minane, aliyepauka na kuyumbayumba juu ya kiti kama mlevi, akipiga bila mpangilio wowote wa vidole, aliona mara moja alichokuwa nacho mtoto huyo. Familia iliporudi Vienna alimfundisha bila kudai malipo. Mtoto alikuwa Franz Liszt, na hakumsahau mwalimu wake maishani.

Wakati Paris na London zinauza fremu za mikono, jibu lilikuwa linaandaliwa Warsaw. Maria Szymanowska, mpiga piano wa Kipolandi aliyezunguka majiji ya Ulaya, alikuwa ametoa mazoezi na vitangulizi 20 mwaka 1819, vingi vikiwa na ushairi wa kweli. Kijana Fryderyk Chopin alikulia katika mji huohuo. Mwaka 1829 Paganini alikuja Warsaw na fidla yake, na vuli ya mwaka huo Chopin, akiwa na miaka kumi na tisa, alimwandikia rafiki yake kwamba ametunga zoezi kubwa kwa namna yake mwenyewe. Novemba 1830 aliondoka Poland, asirudi tena. Alipofika Paris mwaka uliofuata, Kalkbrenner alimwahidi kumtengeneza kikamilifu kama angekubali kusoma chini yake miaka mitatu. Chopin alikataa kwa adabu. Mwaka 1833 zilitoka etudi 12, opus 10, zimetunukiwa Liszt. Nyingine 12, opus 25, zilifuata mwaka 1837.

Tuitazame ya pili katika opus 10. Mkono wa kulia una kazi mbili. Kidole gumba na cha shahada vinagusa noti fupifupi, kama mtu anayechuna gitaa. Wakati huohuo vidole vitatu vilivyobaki, cha kati, cha pete na cha mwisho, vinapanda na kushuka juu ya vibao vyeupe na vyeusi bila kuruka hata kimoja, kwa kasi, kwa sauti ndogo, kwa ulaini. Kwa kuwa gumba lina shughuli nyingine, haliwezi kupita chini kuwasaidia wenzake. Njia pekee iliyobaki ni kidole cha kati kuvuka juu ya cha pete, cha pete kuvuka juu ya cha mwisho, mara kwa mara, kurasa nzima. Chopin alijua anaomba nini, akaandika namba za vidole noti kwa noti. Baada ya mistari kumi mtu asiyezoea anahisi moto nje ya mkono, kutoka kwenye kifundo hadi karibu na kiwiko. Na njia hiyo ya vidole kuvukana ndiyo ileile Wilhelm Friedemann aliyofundishwa Köthen mwaka 1720. Karne nzima ya walimu ilikuwa imeitupa kwa sababu gumba limepatikana. Chopin aliirudisha, akaona kwamba inatoa mlio ambao hakuna njia nyingine inayoutoa.

Hapo ndipo ninapoona tofauti yake na wote waliomtangulia. Kwa Chopin vidole havilingani na havina haja ya kulinganishwa; kila kimoja kina tabia yake, na mpigaji mwenye akili anaitumia tabia hiyo. Wanafunzi wake hakuwaanzisha kwenye vibao vyeupe vitupu. Aliwawekea kidole gumba juu ya mi na cha mwisho juu ya si, vile virefu vitatu vya katikati vikikaa juu ya vibao vyeusi, mkono ukapumzika kwa umbo lake la asili. Aliwakataza kukaa kwenye piano zaidi ya saa tatu kwa siku. Vitabu alivyowapa vilikuwa vya Clementi, Cramer, Moscheles, na juu ya vyote Bach. Ukizisikiliza etudi zake ukiwa na habari hizo, unaelewa kwa nini ya tatu katika opus 10 ni wimbo wa polepole unaoweza kumliza mtu, wakati ugumu wake ni uleule wa etudi: mkono mmoja kubeba wimbo kwa vidole vya nje na kunong'ona kwa vidole vya ndani. Ukiupiga wimbo huo vibaya zoezi limeshindikana, na zoezi likishindikana hakuna wimbo.

Si wote walioelewa. Ludwig Rellstab, mhakiki wa Berlin, aliandika kwamba mwenye vidole vilivyopinda huenda akavinyoosha kwa etudi hizi, lakini mwenye vidole vizima asizijaribu bila daktari wa upasuaji kuwa karibu.

Liszt, aliyetunukiwa opus 10, alikuwa na etudi zake, na zilikua pamoja naye. Mwaka 1826, akiwa na miaka kumi na mitano, alichapisha mazoezi 12 yenye adabu, ambayo Czerny angeyatambua kuwa ni ya mwanafunzi wake. Aprili 1832 alimsikia Paganini jijini Paris, akajifungia na piano yake saa nne, saa tano kwa siku. Mwishoni mwa miaka ya 1830 yale mazoezi ya utotoni yalirudi sokoni yakiwa yamevimba kupita kiasi, yamejaa miruko na ngurumo ambazo wapigaji wachache mno duniani wangeziweza. Kisha mwaka 1852 yalitoka mara ya tatu, yamepunguzwa mzigo, mengi yamepewa majina, na ukurasa wa kwanza ukimtaja Carl Czerny, kwa shukrani ya mwanafunzi. Mti mmoja ulikua miaka ishirini na sita, na ukitaka unaweza kuweka matoleo matatu mezani na kuona noti zile za mtoto wa miaka kumi na mitano zikiwa bado zimo ndani ya shina.

Mpaka haukufutika kwa hayo. Mwaka 1873 Charles-Louis Hanon wa Boulogne-sur-Mer alitoa mazoezi 60 yasiyo na dai lolote la kuwa muziki, na kitabu chake kimewafikia watu wengi mno. Kilipokelewa hata katika vyuo vya Urusi. Marekani, mwaka 1883, Theodore Presser alianzisha gazeti la muziki la majumbani aliloliita The Etude, na lilidumu hadi 1957. Jina lilikuwa limeenea kiasi hicho. Wakati huohuo Scriabin alikuwa anaandika etudi zake, na baada yake Rachmaninoff, ambaye alizipa zake jina la etudi-picha, nazo ni kazi za jukwaani kabisa.

Mwaka 1915, vita vikiwa vimezuia vitabu vya muziki kutoka Ujerumani kuingia Ufaransa, mchapishaji Durand alimwomba Claude Debussy ahariri upya kazi za Chopin. Debussy alikuwa na saratani. Kiangazi hicho alikwenda Pourville, kijiji cha pwani ya Normandie, na ndani ya miezi michache alitunga etudi 12 zilizotolewa kwa kumbukumbu ya Chopin. Ya kwanza ni ya vidole vitano, na kichwa chake kinamtaja Czerny kwa jina. Inaanza na noti tano za mtoto anayeanza kusoma, do, re, mi, fa, sol, zinapanda na kushuka kwa utulivu, mpaka kibao kimoja cheusi kisichohusika kinapodonoka katikati yake. Kinarudi tena, kinasumbua, na punde si punde zoezi zima linakimbia kwenda kusikotarajiwa. Ya sita ni ya vidole vinane, bila magumba. Katika dibaji Debussy alieleza kwa nini hakuandika namba za vidole hata mahali pamoja: mikono ya watu haifanani, kila mmoja atafute zake. Desemba ya mwaka huo alifanyiwa upasuaji, na tarehe 25 Machi 1918 alifariki, Paris ikiwa inapigwa mizinga.

Etudi ya piano ilipofika kwa György Ligeti, Myahudi wa Kihungaria aliyezaliwa Transylvania mwaka 1923, njia yake ilipita Afrika, na kipande kimoja cha njia hiyo ni chetu kabisa. Mwaka 1959 kijana wa Kiaustria, Gerhard Kubik, alifika Kampala akawa mwanafunzi wa Evaristo Muyinda, mpigaji wa kasri la Kabaka wa Buganda aliyefanya pia kazi katika Makumbusho ya Uganda. Muyinda alimkalisha mbele ya amadinda, marimba ya mbao 12 zilizolazwa juu ya magogo mawili ya mgomba. Wapigaji wawili wanakaa wakitazamana, ng'ambo na ng'ambo ya chombo kimoja. Omunazi anaanza mlolongo wake wa noti kwa mapigo sawasawa. Omwawuzi anaingiza wa kwake katikati, kila noti yake ikitua kwenye pengo kamili kati ya noti mbili za mwenzake, kiasi kwamba kasi inayosikika ni mara mbili ya kasi ya mkono wa mtu yeyote aliyepo. Wa tatu, omukoonezi, ana mbao mbili tu za juu kabisa. Kazi yake ni kusikiliza noti za chini zinazotokea ndani ya mchanganyiko huo na kuzirudia juu, kila sikio lizisikie. Anachokirudia ni umbo ambalo hakuna hata mmoja wa wenzake anayelipiga peke yake. Linazaliwa katikati yao. Kubik aliandika juu ya maumbo hayo mara kwa mara, naye Ligeti aliyasoma maandishi hayo, akasikiliza pia rekodi za Simha Arom kutoka Jamhuri ya Afrika ya Kati.

Kwenye amadinda hakuna kitabu cha mazoezi kinachotangulia wimbo. Mwanafunzi anapewa mlolongo mmoja wa wimbo halisi, anakaa ng'ambo ya anayejua, na kujifunza kwake ni kuushika mlolongo huo usiyumbe wakati wa mwenzake unapoingia.

Ligeti alichapisha etudi zake sita za kwanza mwaka 1985. Yeye mwenyewe hakuwa mpigaji hodari. Alianza piano akiwa na miaka kumi na minne, na alikiri kwamba vipande hivyo vimetokana na kushindwa kwa mikono yake kufanya alichokisikia kichwani. Katika ya kwanza, Désordre, mkono wa kulia unapiga vibao vyeupe pekee na wa kushoto vyeusi pekee. Mapigo yanajumlishwa matatu na matano, mikono inaanza pamoja, halafu wa kulia unapunguziwa pigo moja hapa na moja pale, hadi mikazo ya mikono miwili inaachana na kufukuzana. Katika ya sita, inayobeba jina la Warsaw, mtu mmoja anasikika kama watu watatu au wanne wanaokwenda kwa mwendo tofauti. Ugumu ule ambao Buganda waligawana watu watatu, wakitazamana, amebebeshwa mpigaji mmoja aliyekaa peke yake, na hawezi kuupata kwa kufundisha vidole kwanza na sikio baadaye, maana vidole havijui vifanye nini mpaka sikio lisikie umbo lililo katikati yake.

Ligeti alikusudia ziwe 12, kama za Debussy. Akapitiliza. Kitabu cha pili kilikuwa na nane, na cha tatu alikianza mwaka 1995, akafikisha nne za humo mwaka 2001, jumla zikawa 18. Hapo ugonjwa ulimsimamisha, akafariki Vienna mwaka 2006.